Mwendeshaji wa Mashine za Kuvunia Miti Afundishwe Nini? Mhadhara Uliotolewa Moshi

Ndugu wakufunzi, wasimamizi wa mashamba ya miti, wenye viwanda vya mbao, na ninyi wanafunzi mlioketi nyuma kabisa kana kwamba mazungumzo haya ni ya wakubwa peke yao, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhuisha mafunzo ya ufundi stadi kwa waendeshaji wa mashine za kuvunia miti. Nina jambo moja tu, nami nitalizunguka muda wote nitakaosimama hapa: tunamfundisha mwendeshaji huyu kama dereva, ilhali kazi inayomsubiri msituni ni ya mpimaji na ya fundi, na huko kuendesha kwenyewe ndiko anakokuzoea upesi kuliko mengine yote.

Mji huu una haki ya kuzungumza habari hizi. Chuo cha Viwanda vya Misitu, kinachofundisha upasuaji wa mbao na ufundi wa misumeno, kiko hapahapa Moshi. Ukipanda kuelekea Siha unakutana na shamba la miti la West Kilimanjaro, na ukizunguka upande wa Rombo unakutana na la Rongai. Kwa majirani zetu wa Arusha, chini ya Mlima Meru, kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi kilichoanzishwa mwaka 1937, na hukohuko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina msitu wake wa mafunzo. Wenzetu wa Mufindi wanatuzidi kwa miti, kwa kuwa Sao Hill peke yake ina zaidi ya hekta 50,000 zilizopandwa, lakini sisi wa kaskazini hatuna udhuru wa kusema hatuna mahali pa kujifunzia.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Katika sehemu kubwa ya mashamba yetu, msindano au msaiprasi huangushwa kwa msumeno wa mnyororo, matawi huondolewa kwa shoka au kwa msumeno uleule, na gogo huburuzwa kwa trekta lenye winchi au kwa skida, yaani mashine maalumu ya kuburuzia magogo. Penye mteremko mkali, au mahali ambapo mashine imeharibika, gogo husukumwa kwa mikono ya vijana hadi barabarani. Huko Ufini na Uswidi kazi hiyo hufanywa na mashine mbili. Ya kwanza, havesta, hushika mti shinani kwa kichwa chake, huukata na kuulaza. Kisha rola zenye meno huuvuta kupitia visu vinavyokwangua matawi, gurudumu dogo linalobanwa kwenye gome huhesabu urefu, na mwachano wa visu hupima unene. Kompyuta iliyo mbele ya mwendeshaji humpendekezea mahali pa kukata. Ya pili, fowada, hufuata nyuma, huokota magogo kwa mkono wake wa chuma na kuyabeba bila kuyaburuza. Mti wa kawaida humalizika kwa muda usiofika dakika moja.

Sasa jiulizeni: katika muda huo mfupi, mwendeshaji wa havesta ameendesha nini? Magurudumu ya mashine hayakusogea. Alichofanya ni kuamua: mti uangukie wapi, gogo la kwanza liishie wapi, sehemu iliyopinda iwekwe pamoja na mbao au ishushwe iwe nguzo au kuni. Anayeshika msumeno wa mnyororo huku kwetu anafanya maamuzi hayohayo, akiwa amesimama kwenye matope badala ya kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mafunzo haya yasubiri hadi tutakapokuwa na havesta. Maamuzi tunayo leo, na tunayafanya vibaya.

Nitatoa mfano ambao kila mmoja wenu anaweza kuuhakiki kwa tepu yake. Mbao kwenye maduka ya Moshi na Arusha huuzwa kwa futi na inchi: mbili kwa nne, mbili kwa sita, futi 12. Futi 12 ni sentimita 366, kasoro kidogo. Kijana aliyeambiwa akate "mita tatu na nusu na ushee" anakata gogo la sentimita 360 na kuondoka akiwa na amani moyoni. Amekosa sentimita 6 tu, lakini mpasuaji akilazimika kuzishusha mbao zile ziwe za futi 10, yaani sentimita 305, zinapotea sentimita 55, ambazo ni takribani asilimia 15 ya urefu wa gogo. Hakuna atakayemlaumu kijana huyo, kwa maana hasara inaonekana kiwandani, siku nyingi baadaye, wakati yeye yuko kitalu kingine, yaani kipande kingine cha shamba, anakata mengine ya sentimita 360.

Unene nao una hila yake. Ujazo wa gogo hufuata mraba wa kipenyo, hivyo anayesoma sentimita 26 mahali palipo na 25 ameongeza asilimia 8 ya mbao ambazo hazipo. Wale wanaodhani kompyuta ya havesta ingetuondolea shida hii wakumbuke kwamba kompyuta hupokea inacholetewa na lile gurudumu dogo, na katika majira ambayo miti inakua kwa kasi gome huwa laini, hubanduka, na gurudumu huteleza. Ndiyo sababu katika nchi za Skandinavia na Ufini mwendeshaji hushuka kwenye kiti chake mara kwa mara, akapima kwa kalipa, kile kifaa cha kubania gogo na kusoma kipenyo chake, na kwa tepu, mti uliochaguliwa kwa kubahatisha, akalinganisha na kilichoandikwa na mashine, kisha akairekebisha. Mwenye mashine ya gharama kubwa kuliko zote msituni bado anabeba tepu. Sisi wenye msumeno wa mnyororo tepu tunaiacha kambini.

Nije kwenye ufundi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shamba moja, ambalo sitalitaja, kutazama skida iliyokuwa imeegeshwa wiki tatu. Niliambiwa kwamba pampu ya hidroliki imekufa kwa uzee. Nilipofungua filta nilikuta tope jeusi lenye kung'aa, na nilipolisugua kati ya vidole niliisikia mikwaruzo. Nikamwomba mwendeshaji anionyeshe anavyoongeza oili. Akaenda chini ya benchi la kunolea minyororo, akatoa dumu lililokatwa shingo, lililokuwa limekaa kinywa wazi mahali palepale ambapo vumbi la tupa na unga wa mbao huanguka kutwa kucha, akalipangusa kwa kiganja, akanitazama kama mtu aliyejibu swali vizuri. Kijana yule alikuwa na cheti, na nilimwona akirudisha skida nyuma kati ya visiki viwili kwa ustadi ambao mimi sina. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba ndani ya pampu ile nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo kuliko unene wa unywele, na kwamba chembe asiyoiona kwa macho inakula mashine kama msasa.

Sikumlaumu yeye, niliwalaumu waliompa cheti, na nilijihesabu miongoni mwao, kwa sababu hata mimi wakati ule nilikuwa nikifundisha usafi wa oili kwa somo moja la darasani, la saa moja, baada ya chakula cha mchana. Tangu hapo naamini kwamba wiki za mwanzo za mafunzo zisimpandishe mwanafunzi kwenye kiti kabisa. Apige grisi, abadilishe filta, afungue na kufunga hozipaipu, asome mita ya saa na kuandika daftari la mashine, anoe mnyororo hadi meno yote yawe na urefu mmoja na msumeno ukate ukitoa vipande badala ya unga. Anayechoka na hayo aondoke mapema, kabla hajatugharimu dizeli.

Kuhusu udongo nitasema machache, ingawa ni jambo linaloniudhi. Mashamba yetu ya Kilimanjaro yana desturi nzuri ya kuwaachia wananchi vishamba ndani ya eneo lililovunwa, wakalima viazi, maharage na karoti huku wakitunza miche ya miti. Tembeeni humo mwaka mmoja baada ya uvunaji uliofanywa wakati wa masika, na mng'oe karoti zilizoota penye njia ya tairi: ni fupi, zimegawanyika miguu miwili, zimepinda kama mizizi ya tangawizi. Mche wa msindano uliopandwa hapo unapambana na udongo huohuo ulioshindiliwa na mashine, ila wenyewe hatuung'oi tukaona. Mwendeshaji aliyefunzwa hutandika matawi kwenye njia yake na kupita juu yake, hushika njia chache badala ya kuchora kitalu kizima, na siku mvua imelowesha udongo wa volkano hadi unang'aa, anazima injini na kumweleza msimamizi sababu. Hilo la mwisho linahitaji msimamizi naye awe amefunzwa.

Usalama hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa kanuni zipo: tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Shirika la Kazi Duniani lilichapisha mwaka 1998 mwongozo mahsusi wa kazi za misitu. Naongeza moja tu ambalo vijana hawaliambiwi. Mnyororo wa kichwa cha havesta ukikatika katika kasi yake, kipande huweza kuruka kama risasi, na kwa hiyo vioo vya chumba cha mwendeshaji hutengenezwa kwa plastiki nene isiyovunjika. Anayesimama nje, katika mstari wa upanga wa msumeno, hana kioo.

Je, mafunzo yachukue muda gani? Utafiti mmoja wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia waendeshaji wapya wa havesta, ukaonyesha kwamba iliwachukua wastani wa miezi 8 hivi kazini kabla tija yao haijatulia, ikiwa imeongezeka karibu maradufu. Kozi ya wiki nne, ambayo nusu yake mwanafunzi anamtazama mwenzake akiendesha, haiwezi kushindana na hesabu hiyo. Vifaa vya kuigiza uendeshaji, vyenye kiti, leva na skrini, husaidia sana hapo mwanzo, maana mkono hujifunza mahali pasipoteketeza mafuta wala kuvunja kitu. Navikubali kwa ajili ya mikono. Kwa oili, udongo na tepu havinisaidii.

Ufini ilibadili sheria yake ya elimu ya ufundi mwaka 2018, ikaweka kwamba kila mwanafunzi awe na mpango wake wa masomo, na umahiri uthibitishwe kwa kufanya kazi halisi. Hapa kwetu msingi wa namna hiyo upo tayari. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mafunzo ya uanagenzi, ambayo kijana hugawanya muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Naomba utaratibu huu wa pili tuutumie kwa bidii kubwa kuliko mwingine wowote. Waendeshaji wengi wa mashamba yetu walianza kama utingo wa trekta, wakajifunza kwa kumtazama mkubwa wao, na wapo miongoni mwao wanaosikia ubovu wa winchi kabla haujaonekana. Wapimwe, wapewe cheti kwa wanachokijua, wafundishwe kile tu kinachopungua, ambacho mara nyingi ni hesabu ya gogo. Kisha baadhi yao wafanywe wakufunzi. Sioni kwa nini mtu wa aina hiyo azuiwe kufundisha kwa sababu hakufika kidato cha nne, huku mwenye stashahada ambaye hajawahi kulala kambini akipewa darasa.

Kuhusu mtihani, mimi ningeufanya hivi. Mwanafunzi apewe kitalu kidogo, mashine iliyo na hitilafu moja tuliyoiweka sisi, na orodha ya urefu na unene anaotaka mnunuzi. Ahesabiwe kwa mambo matatu: kama aligundua hitilafu kabla ya kuwasha injini, magogo yake yanatofautianaje na orodha, na ardhi aliyoiacha nyuma ikoje. Kasi tusiipime mwaka wa kwanza.

Najua swali linaloningoja, nalo ni la dizeli na la mashine zenyewe, kwa kuwa hakuna chuo kitakachonunua skida ya kufundishia ikakaa nayo bila kuzalisha. Pendekezo langu kwa wasimamizi mlioko hapa ni kwamba kila shamba litenge kitalu kimoja kwa mwaka kivunwe na wanagenzi chini ya mwendeshaji wenu mzoefu, malipo ya magogo yabaki kwa shamba, na chuo kilipie mafuta na muda wa mwendeshaji huyo. Tija itakuwa ndogo, na sitawaficha, miezi ya kwanza mtaona hasara. Ilinganisheni na wiki tatu za skida iliyoegeshwa.

Kabla ya chakula nina ombi. Pale uani kuna magogo matatu ya msindano tuliyoyalaza tangu asubuhi. Tepu na kalipa ziko mezani karibu na mlango. Kila mmoja, wakufunzi kwanza, ayapime yote matatu, aandike urefu, kipenyo cha katikati na idadi ya mbao za futi 12 anazozitarajia, aweke jina lake, na anipe karatasi. Wanafunzi ndio watakaosahihisha.