Mtoto anayesoma swali moja mara nne

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi, nianze na mtoto ambaye wengi wenu mnamfahamu. Yuko kwenye chumba cha mtihani, macho yamekaza swali la tatu. Amelisoma mara nne. Midomo inatikisika, lakini ukimwuliza swali linataka nini, hajui. Kwenye ripoti tunaandika: "Hana umakini." Nimeyaandika maneno hayo mimi mwenyewe, na najuta, maana huenda kinachomsumbua ni wasiwasi.

Kuna wasiwasi wa kupita, kama ule wa kusubiri majibu ya hospitali. Jambo likiisha, nao unaisha. Halafu kuna wasiwasi ambao ni tabia: mtu anaamka nao hata siku isiyo na jambo. Charles Spielberger, mwanasaikolojia wa Marekani, alitengeneza dodoso la kupima kila aina ya wasiwasi peke yake. Mimi leo nazungumzia huu wa pili.

Mwaka 2007, Michael Eysenck, mwanasaikolojia wa Uingereza, na wenzake walieleza kwamba umakini una pande mbili. Mmoja unafuata lengo ulilojiwekea; mwingine unavutwa na chochote kinachojitokeza, mlango ukigonga tu umegeuka. Wasiwasi unaupa nguvu huo wa pili. Na si lazima mlango uwe wa nje, jamani. "Nikifeli je?" nayo inagonga, tena inagonga kutoka ndani.

Kuna jaribio la macho ninalolipenda sana. Alama ikitokea kushoto mwa skrini, wewe utazame kulia. Jicho linataka kuifuata, na lazima ulizuie. Wenye wasiwasi mwingi hawakukosea zaidi kuliko wenzao, ila walichelewa. Kwa hiyo mtoto huyu anaweza kupata alama zilezile za jirani yake, kwa jasho maradufu ambalo hakuna anayeliona.

Mawazo kuhama ni kwa wote. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250: katika asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao hayakuwa kwenye walichokuwa wakikifanya. Mwenye wasiwasi shida yake ni kuyarudisha.

Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliwapa wanafunzi dakika 10 za kuandika hofu zao kabla ya mtihani, na wenye wasiwasi walioandika walifanya vizuri kuliko wenye wasiwasi ambao hawakuandika. Nami sasa ninafanya hivyo darasani kwangu. Karatasi zile sizisomi. Wanazichana wenyewe, ndipo nagawa mtihani.