Msimu Ukichanganya, Jihurumie

Ndugu zangu wa reservation mnaowawekea wageni nafasi, madereva, waongoza watalii, wapishi wa kambi, na ninyi mameneja mliokubali kukaa viti vya mbele: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Juni ndiyo hii, na kuanzia sasa mpaka Oktoba Arusha hailali. Namna ya kumhudumia mgeni mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaigusa. Nimekuja kuzungumza juu ya jinsi unavyojisemesha wewe mwenyewe pale unapochoka ukakosea.

Kuna dada mmoja wa reservation hapa mjini. Ndege ya mgeni ilikuwa inatua saa moja usiku. Yeye kwenye karatasi ya dereva akaandika saa moja asubuhi. Dereva katoka mjini alfajiri, kafika uwanja wa ndege wa KIA, kasimama na kibao chenye jina la mgeni mpaka abiria wa mwisho kapita. Hasara ikawa mafuta na usingizi wa dereva, basi. Jioni akarudi, mgeni akapokelewa vizuri. Ofisini yakaisha. Kwa dada yule ndiyo kwanza yakaanza. Mchana kutwa anajiita mzembe. Wali maharage alioletewa na mwenzake ukapoa pembeni ya kompyuta, hakuugusa. Usiku wa manane bado anafungua barua pepe zile zile, anakagua alichokwisha kukagua. Wiki hiyo hiyo akakosea tena, safari hii idadi ya vitanda, maana kichwa kisicholala hakihesabu.

Sasa niambieni: angekosea jirani yake wa meza ya pili, dada huyu angemwambia nini? Angemwambia, "Pole mwaya, hutokea, hebu tumpigie dereva tupange upya." Ustadi wa kusema hivyo tunao wote, tumelelewa nao. Tunaugawa kwa kila mtu, sisi wenyewe tunajinyima.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, amelichunguza jambo hili tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Anataja mambo matatu: kujitendea kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyafunika. Kwa macho yangu, la pili ndilo linalotuponyoka zaidi msimu ukipamba moto. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayezidiwa, kumbe ofisi nzima inahema.

Wapo wanaowaza kwamba nafundisha uvivu. Hapana. Anayejichapa kila akikosea hujifunza kuficha. Na kosa lililofichwa kwenye kazi yetu mnajua linapojitokeza: ni pale gari lenye familia nzima limefika getini na nafasi kambini haipo. Aliyejisamehe mapema husema mapema, na jambo likisemwa mapema linatengenezeka.

Niseme na la saa, kwa sababu upole bila usingizi ni maneno matupu. Mteja wa California akiandika saa sita mchana kwao, msimu huu hapa ni saa nne usiku. Yeye hana kosa, yuko kazini kwake. Lakini wewe ukimjibu kila usiku, umefanya zamu mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na inataka saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa hiyo kula chakula chako kikiwa cha moto, dada yangu. Hujamwibia mtu muda.

Na upole wenyewe huanza kwa vitu vidogo. Ukikosea, inuka kwenye kiti, kanywe maji, kisha mwambie mwenzako kwa sauti kilichotokea kabla hujagusa kompyuta tena. Dereva aliyerudi kutoka Serengeti amechakaa kwa vumbi asiulizwe ripoti papo hapo, aoge kwanza.

Mameneja, kwenu nina ombi moja. Wiki hii, kabla simu hazijaanza kugongana, andikeni zamu ya kujibu barua za usiku na muibandike ukutani, ili asiye wa zamu azime simu yake bila hofu. Mkikwama kuipanga, nipo hapa mpaka saa mbili, tukae tuipange pamoja. Naona mkono kule nyuma, karibu, kaka.