Pombe ya Jana, Kesi ya Leo: Mhadhara kwa Madereva wa Mbeya Kuelekea Krismasi

Ndugu madereva, nawashukuru kwa kufika hapa Uyole jioni hii, ingawa najua wapo walioacha abiria stendi. Sikuja kuwafundisha namna ya kumkwepa trafiki; nimekuja tuzungumze pombe na usukani.

Nitaanza na asubuhi, si usiku. Dereva aliyekesha akinywa hujiona mzima akishalala kidogo na kuoga maji ya baridi yetu haya, kumbe sheria haiulizi umelala saa ngapi, inauliza kilichomo kwenye damu yako. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ini la mtu mzima kwa kawaida hupunguza kiwango hicho kwa miligramu 10 hadi 20 hivi kwa saa, wala haliharakishwi na kahawa, supu au ndimu. Aliyeacha kunywa saa nane usiku akiwa na miligramu 180, tukihesabu 15 kwa saa, saa mbili asubuhi bado ana 90, na hapo ndipo anapowasha gari kuipeleka familia Tukuyu, kwenye kona na miteremko mnayoijua.

Tena pombe zetu hazina lebo. Chupa ya bia imeandikwa kiwango chake; kimpumu na komoni hutegemea aliyepika. Kwa jirani zetu wa Iringa na Njombe, ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa leo ni mtogwa, mtamu hata kwa mgeni, lakini ukikaa unakuwa mkangafu, yaani mkali. Kwa hiyo kauli ya "nimekunywa vikombe viwili tu" haipimi chochote. Mpango unaoshika ni ule uliofanywa kabla ya kikombe cha kwanza: ufunguo apewe asiyekunywa, bajaji iagizwe mapema, au mtu alale alikonywea. Wa bodaboda msijitoe. Pikipiki nayo ni chombo cha moto.

Ukisimamishwa, zima injini, toa leseni na ujibu kwa adabu. Ukipimwa, omba kuonyeshwa namba iliyosomeka na ukumbuke saa yenyewe. Usitoe "ya soda", kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtoaji kama inavyomgusa mpokeaji, nawe utakuwa umeongeza kesi ya pili, pengine nzito kuliko ya kwanza. Kituoni una haki ya kuelezwa kosa lako na kuwajulisha ndugu au wakili, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma au kusomewa. Kosa hili lina dhamana, na dhamana ya polisi hainunuliwi.

Mahakamani ndipo wengi hujiumiza kwa haraka ya kurudi kazini. Mshtakiwa akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa, kisha hakimu humuuliza kama anayakubali yote. Yakitajwa ambayo hayakutokea, kwa mfano kwamba ulikimbia au uligonga mtu, sema pale pale kwamba hilo unalikataa, maana ukishayakubali, hukumu itasimama juu ya maneno hayo hayo, na hata ukikata rufaa utaulizwa kwa nini ulinyamaza.