Dubu wa Barafu na Wiki za Juni

Ndugu zangu wa Mbeya, naanza kwa kufuta picha ile ya dubu anayetweta juani. Nyie mnaotoka Makete mnaifahamu baridi, lakini leo joto na baridi tuviache kando. Kinachomuua dubu wa barafu ni njaa, na njaa hiyo ina tarehe.

Chakula chake ni mafuta ya sili, mnyama wa baharini anayevuta hewa kama sisi. Nasema mafuta: akiwa ameshiba hula tabaka la chini ya ngozi, nyama akawaachia mbweha. Majini sili humshinda mbio, kwa hiyo humvizia pale anapotoboa barafu kuvuta pumzi, au hulivunja pango la theluji anamozalia. Wengi wakishasikia hivyo hudhani siku zote zina thamani moja, kwamba barafu ikipungua wiki tatu, dubu amepoteza wiki tatu. Sivyo! Sili wa umbo dogo wenye alama za pete, ndio wanaoliwa zaidi, huzaa Machi na Aprili. Mtoto akiachishwa kunyonya, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na bado ni mshamba wa dubu. Kuanzia hapo hadi barafu inapopasuka, dubu hujiwekea sehemu kubwa ya nishati ya mwaka mzima. Kaya ya Mbozi uliyoinyang'anya wiki za kuvuna mahindi, utaifidia kwa wiki za Januari? Basi wiki inayokatwa Juni hailipwi na ya Novemba.

Tupige hesabu. Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, Kanada, barafu huyeyuka yote kiangazi na dubu hupanda nchi kavu kufunga. Huko hupungua takriban kilo moja kwa siku. Zamani mfungo ulikuwa kama miezi minne, yaani kilo 120 hivi. Tangu miaka ya 1980 zimeongezeka wiki tatu hadi nne. Jumlisha kilo 25. Dume la kilo 450 litavumilia. Jike je? Hupandwa Aprili au Mei, lakini kiinitete hakijishikizi kwenye mji wa mimba mpaka vuli. Katika vipimo vya ghuba hiyo, majike waliokuwa chini ya kilo 189 wakati wa vuli hawakuonekana na watoto majira yaliyofuata. Na mwenye mimba harudi barafuni Novemba na wenzake. Anaingia pangoni, anazaa watoto wa gramu 600, anawanyonyesha maziwa ambayo karibu theluthi yake ni mafuta, na yeye hajala kwa miezi hata minane. Mwaka 1987 walikadiriwa dubu 1,185 hapo. Mwaka 2021, 618.

"Si wale kitu kingine?" Swali hili halikosekani. Kati ya 2019 na 2022 dubu 20 wa huko walivishwa kola zenye kamera. Walionekana wakila matunda pori, majani, ndege, mifupa, na wengine waliogelea masafa marefu. 19 kati ya 20 walikonda. Tumbo lilijaa, ndiyo.

"Basi watabadilika, si walitokana na dubu wa kahawia?" Hawa wawili wana asili moja, na kuachana kwao ni kwa zamani sana: taya ya dubu wa barafu iliyopatikana Svalbard, visiwa vya Norway huko kaskazini, ina zaidi ya miaka 110,000. Jeni ya APOB, inayohusika na kusafirisha mafuta kwenye damu, imebadilika hata mnyama akaweza kuishi kwa mlo ambao ungeziba mishipa yako na yangu. Magego nayo yamekuwa madogo, hayafai kusaga majani. Kizazi kimoja cha dubu hawa ni miaka 11 au 12. Tangu satelaiti zianze kupima barafu ya bahari mfululizo, mwaka 1979, vimepita vizazi vinne tu! Tena huko nchi kavu dubu wa kahawia yupo tayari, na hatoi nafasi.

Wanaoshangilia machotara wa dubu wa barafu na wa kahawia nao wapunguze vigelegele. Yule aliyepigwa risasi Banks Island, kisiwa cha kaskazini mwa Kanada, mwaka 2006 alivuma, lakini machotara wanane waliochunguzwa baadaye walionekana ni uzao wa jike mmoja wa barafu. Wanyama kuchanganya damu si ajabu. Kipunji, yule kima wetu wa Mlima Rungwe, ana DNA ya mitokondria (ile inayorithiwa kwa mama) iliyotoka kwa nyani, na kipunji wa msitu wa Ndundulu, Udzungwa, hana. Sijamsikia mtu wa Tukuyu akisema kipunji ameokolewa na nyani.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo sumu za viwandani naziruka. Mkataba wa 1973 wa nchi tano zenye dubu hawa ulibana uwindaji na ukasaidia, maana bunduki inazuilika. Halafu msiseme dubu wote wanapungua: katika Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, wamenona, kwa kuwa bahari ni ya kina kifupi na sili ni tele. Kusini-mashariki mwa Greenland wapo mamia machache wanaowinda juu ya vipande vinavyomeguka kutoka mito ya barafu, yaani barafu nene ya nchi kavu inayoteleza polepole hadi baharini. Kabla hamjaniuliza kwa nini wa Hudson wasifanye vivyo hivyo: Hudson hakuna mto wa barafu unaofika baharini.