Folki-roki kwenye majabali ya Red Rocks, na dansi letu la Dar

Mambo vipi familia! Mbagala, Tabata, Kimara, Kigamboni, wote mpo? Wazee wetu shikamooni. Leo nipo Red Rocks, nje kidogo ya Denver huku Marekani, nimekuja kusikiliza bendi ya folki-roki, na huku inakaribia saa mbili usiku lakini hebu oneni wenyewe, jua bado lipo, kiangazi linazama kwenye saa mbili na nusu hivi, nyie hapo Dar saa hizi mnasubiri adhana ya alfajiri.

Ngoja niwageuzie kamera. Jabali lile linaitwa Ship Rock, lile la kule Creation Rock, kila moja karibu mita 90 kwenda juu, na sisi tumekaa katikati kwenye mabenchi yanayopanda mlima, pakijaa wanaingia watu kama 9,500. Paa hakuna, mwamba ndo ukuta, sauti inabaki humu humu, yani nipo huku juu kabisa na nasikia vidole vya jamaa vikiteleza kwenye nyuzi. Jua likizama baridi inashuka fasta, ndo maana mnaona kila mtu na blanketi lake.

Sasa muziki wenyewe. Folki ni nyimbo za watu wa kawaida, gitaa kavu na hadithi, roki ndo gitaa la umeme na dramu. Vilipoanza kuchanganywa wengine walinuna, mwaka 1965 mwimbaji wa folki Bob Dylan alipanda na gitaa la umeme kwenye tamasha la folki la Newport kuna watu wakamzomea kabisa. Leo fidla na umeme vinakwenda pamoja, halafu kile chombo chenye tumbo la duara lililowambwa ngozi ni banjo, asili yake Afrika jamani, ilifika huku na watu wetu waliouzwa utumwani. Nikiisikia namkumbuka marehemu Hukwe Zawose na zeze lake la Kigogo, moyo unanienda mbio.

Ila kilichonigusa zaidi ni hapo mbele yangu. Kuna babu kampakata mjukuu, mtoto wa miaka sita hivi, ukaja wimbo wa polepole wa mgodi uliofungwa, babu anamwimbia sikioni neno kwa neno na mtoto anafuatisha mdomo. Watu wote kimya, wanasikiliza maneno.

Sisi tunazo bendi zetu za dansi, tunao Msondo, wameanza kama NUTA Jazz 1964, tunao Sikinde toka 1978, mashairi yao ni visa vya watu kabisa, yanaonya, yanaliza, na magitaa yanavyojibizana mle hakuna wa kutufundisha. Lakini tunawapigisha baa usiku wa manane, sasa mtoto atawasikia wapi? Uwanja huu ni mali ya jiji la Denver, ulifunguliwa 1941, na mpaka leo babu anakuja na mjukuu. Natamani sana jiji letu litenge sehemu ya wazi, hata pale Coco Beach, dansi lianze saa kumi na moja jioni upepo wa bahari ukiwepo, saa tatu watu wawe kwenye daladala na watoto wao.

Haya wanarudi jukwaani, nawaacha. Nikija likizo, mkisikia Sikinde wanapiga mapema mahali niambieni, nawabeba watoto wa dada wote.