Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili: Wanawake Wawili wa DeKalb

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka, habari za jioni. Sogeeni mbele jamani, viti vya mbele havidaiwi kodi. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na tayari ameangalia saa mara mbili, kwa hiyo naanza.

Nataka kuwasimulia majirani zetu. Kutoka hapa Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani, kwenda mji wa Decatur kwa gari, wimbo wa tatu redioni hujaumaliza umeshafika. Huko ndiko walikokulia Amy Ray na Emily Saliers, wale waimbaji wawili wanaojiita Indigo Girls. Walijuana wakiwa watoto wa shule ya msingi, katika kaunti hii hii ya DeKalb ambako watoto wetu wanapanda basi la njano kila asubuhi. Walipofika sekondari wakaanza kupiga gitaa pamoja. Wakaachana, mmoja chuo cha Nashville, mwingine New Orleans, kisha wote wawili wakarudi wakakutana tena chuo kikuu cha Emory, hapo hapo mnapopita mkienda kliniki. Jina wakalipata mwaka 1985. Amy alifungua kamusi, akaona neno linalompendeza sikioni. Indigo ni nili, rangi ya kaniki za bibi zetu. Nadhani yeye hakuwa na habari na kaniki, lakini mimi nikilisikia hilo jina naona bibi yangu anatoka shambani.

Mimi niliwajuaje? Kwa kuku. Wengi humu mnaijua ile gari ya saa tisa usiku: watu kumi na mbili mmebanana, mabuti kwenye mfuko wa plastiki, mnakwenda kiwandani kukata mapaja na vidari mpaka vidole vife ganzi. Dereva wetu alikuwa na sidii moja tu. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, ila kuna wimbo mmoja niliudaka neno "saa tisa". Nikashtuka. Nani mwingine yuko macho saa hizi?

Wimbo wenyewe ni "Closer to Fine", utunzi wa Emily, uko kwenye albamu yao ya mwaka 1989. Baadaye mwanangu alinieleza maneno yake. Kuna mtu anatafuta jibu la maisha yake. Kaenda kwa daktari, kapanda milimani, kawatazama watoto, kakaa miaka minne chuoni kwa profesa mwenye ndevu za kufika magotini, kapewa karatasi yake, katoka. Saa tisa usiku yuko baa anatafuta faraja kwenye chupa, asubuhi kichwa kinamgonga. Kila mlango kabisha. Mwishowe anasema kwamba majibu ni mengi, na kila anavyopunguza kulitafuta lile moja la mwisho, ndivyo anavyoikaribia nafuu. Anaikaribia tu. Hasemi amefika.

Sasa sisi tuliolelewa na taarab tumezoea wimbo wa kumpa mwanamke nguvu uwe na mtu wa kupigwa dongo: wifi, mke mwenza, jirani mwenye kijicho. Na mimi mwenyewe mipasho ikipigwa, kanga haitulii kiunoni, mnanijua. Lakini huu hauna adui. Hata mwimbaji hakuambii kwamba wewe ni shujaa. Anakuambia nimehangaika, sijui, na ninaimba. Kwa mtu anayekwenda kukata kuku usiku wa manane huku kila ofisi inamtaka ajaze fomu ya malengo yake ya miaka mitano, ule wimbo ulikuwa kama mtu aliyemsogezea kiti akae.

Kilichonifunga kwao zaidi ni namna wanavyogawana sauti. Naomba mabinti wawili wa kwaya. Njooni, msiogope. Wewe sauti ya kwanza, wewe ya pili, tupeni ubeti mmoja wa wimbo wowote mnaoujua.

[Wanaimba.]

Asanteni. Mmesikia wenyewe. Sauti ya pili imetembea chini ya mwenzake hatua kwa hatua, maneno yale yale, pumzi ile ile. Ni nzuri. Na mimi ndivyo nilivyofunzwa. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akisema sauti ya pili ikisikika peke yake imekosea. Miaka kumi na moja nimeimba nisisikike! Haya, rudieni, lakini sasa wewe wa sauti ya pili shika ubeti wa pili wakati mwenzako yuko kwenye wa kwanza.

[Wanaimba, wanapotea, wanacheka, wanarudia.]

Mmemwona mguu wake? Ameanza kupiga sakafu ili asimezwe. Hivyo ndivyo Amy na Emily wanavyofanya. Kila mmoja hutunga nyimbo zake peke yake, halafu anampelekea mwenzake. Sauti ya Emily ni nyepesi, iko juu. Ya Amy iko chini, ina mkwaruzo kama kamba ya kisimani. Kuna wimbo wa Amy, "Kid Fears", unaohusu hofu za utotoni. Aliyealikwa kuimba nao ni Michael Stipe wa kundi la R.E.M., kijana wa Athens, Georgia hii hii. Mwishoni sauti tatu zinaimba mistari tofauti kwa wakati mmoja, na hakuna anayempisha mwenziwe. Huwa nausikiliza mara tatu, kila mara namfuata mmoja.

Albamu ile ya 1989 iliwapa Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, mwaka 1990, upande wa muziki wa folki. Siku hiyo hiyo waligombea pia tuzo ya wasanii wapya na wakashindwa na Milli Vanilli, vijana wawili wa kiume. Baada ya miezi ikabainika vijana wale hawakuimba hata neno kwenye albamu yao, wakanyang'anywa. Tuzo haikupewa mtu mwingine. Hiyo nawaachia mcheke wenyewe.

Kuna jambo sitalizunguka, maana mtalikuta mkiwatafuta. Wote wawili ni wanawake wanaopenda wanawake, na wameliweka wazi kwa miaka mingi. Wao kwa wao hawakuwahi kuwa wapenzi. Ni marafiki na washirika wa kazi. Nasikia viti vimeanza kulia. Sawa. Mwaka 1998 walipozunguka kuimba bure mashuleni, baadhi ya shule za South Carolina na Tennessee zilifuta maonyesho yao, na waliotoka madarasani kupinga kufutwa huko ni wanafunzi. Mimi sikuja kumbadilisha mtu imani. Ila yule aliyenisogezea kiti saa tisa usiku siwezi kumuuliza kwanza anaishi na nani.

Mengine nayapitia mbio. Amy alifungua lebo yake ndogo ya kutoa muziki, Daemon Records, mwaka 1990, akawa anawatolea wasanii wengine kazi zao. Mwaka 1993, wakishirikiana na Winona LaDuke, mwanaharakati wa jamii ya Ojibwe, walianzisha shirika la Honor the Earth, la kutetea ardhi na mazingira ya wenyeji asilia wa nchi hii. Na mwaka 2023 ule wimbo wa kutafuta jibu ulisikika kwenye filamu ya Barbie, wajukuu zangu wakaja kunifundisha mimi!

Mwenyekiti amesimama, nimemwona. Chai iko nyuma, lakini ngojeni kidogo. Kijana wa kompyuta, weka "Kid Fears". Upande huu wa dirishani mfuateni Emily, upande wa mlangoni mshikeni Amy. Na nyie mabinti wangu wawili, njooni msimame karibu na spika.