Jemadari Aliyekatwa Kichwa na Waliomlipa

Ndugu zangu, leo nawaletea Francesco Bussone, maarufu kwa jina la mji wake, Carmagnola, kaskazini-magharibi mwa Italia. Alizaliwa miaka ya 1380 katika familia ya hali ya chini, akaingia uaskari angali kijana chini ya jemadari mamluki Facino Cane.

Cane alipofariki mwaka 1412, Filippo Maria Visconti, Duke mpya wa Milan, alimwoa mjane wake, akalipata na jeshi. Mwaka 1418 akaamuru mama huyo akatwe kichwa. Huyo ndiye bwana aliyetumikiwa na Carmagnola!

Na alimtumikia kwelikweli. Alimrudishia mji baada ya mji, akazawadiwa cheo, ardhi na mke wa ukoo wa Visconti. Kisha Duke akaanza kumwogopa, akamweka mbali na jeshi kwa kumfanya gavana wa Genoa. Mwaka 1425 Carmagnola alihamia Venice, mahasimu wa Milan, nao wakamwajiri.

Tarehe 12 Oktoba 1427 aliwapiga vibaya Wamilan huko Maclodio na kuteka maelfu. Halafu akawaachia mateka! Jamani, hiyo ilikuwa desturi ya mamluki: unachukua farasi na silaha, askari wa kawaida unamwachia, maana kumlisha ni gharama na leo adui, kesho mnakula mezani pamoja. Venice haikupendezwa hata kidogo.

Baada ya hapo vita vilikokotwa. Wajumbe wa Visconti walimjia, na yeye mwenyewe aliwaarifu waajiri wake. Mimi sidhani kwamba alikuwa amekwisha kuwauza. Naona alipiga hesabu tu: vita vikiisha, na mshahara umekwisha. Lakini mwaka 1431 meli za Venice ziliteketezwa katika mto Po, karibu na Cremona, naye yupo jirani na jeshi lake, hakusogea.

Baraza la Kumi, chombo cha Venice cha kulinda usalama wa dola, likamwita mwaka 1432, eti wajadiliane mipango ya vita. Alipokewa kwa heshima zote, kisha akakamatwa ndani ya kasri na kuteswa. Tarehe 5 Mei alikatwa kichwa kati ya nguzo mbili za uwanja wa San Marco, mdomo umezibwa asiseme neno mbele ya umati.

Nafasi yake alipewa Gianfrancesco Gonzaga wa Mantova. Mwaka 1438 Gonzaga alihamia upande wa Milan.